Post ya Fortunata

“Anti, post ni nini?”

Hilo ndilo swali nililomuuliza Fortunata mwaka 2012, nilipokuwa na miaka tisa. Ilikuwa Ramadhani, magharibi imekaribia, nami nimesimama mbele ya meza yake nimenuna. Mama alikuwa amenituma kutoka orofa ya tano nimwite aje afuturu na sisi. “Si Muislamu, lakini tumbo analo,” mama alisema. Nikashuka, nikamwita, naye akanijibu vilevile alivyonijibu kila nilipomwita: “Siwezi mwanangu, niko post.”

Post, post, post. Ndipo nikamuuliza post ni nini.

Akatazama lifti, akatazama mlango wa kioo, akatazama kamera iliyokuwa juu ya mlango. “Post ni post,” akasema. “Haya panda, futari inapoa.”

Nikapanda. Mama akajaza sahani muhogo wa nazi na kaimati, akaifunika, akanirudisha chini nayo. Fortunata alikula amesimama, mgongo ameupa kamera, anameza harakaharaka. Alipomaliza aliifuta sahani kwa karatasi, akaiweka kwenye droo ya chini mpaka nije niichukue.

Jengo letu liko Al Mankhool, Dubai, nyuma ya mahoteli. Lobi yake ina sakafu inayong'aa, kochi ambalo sijawahi kuona mtu amelikalia, na vyungu viwili vikubwa, kimoja kila upande wa lifti, vyenye mimea mirefu ya majani mapana yaliyoinama. Fortunata alikaa hapo kulinda mlango, na tai yake na kofia yake, kuanzia basi la kampuni lilipomshusha asubuhi mpaka lilipomrudisha Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi ambako alilala chumba kimoja na wanawake wa nchi ambazo mimi nilizijua kwa ramani tu. Wapangaji walimpita kama walivyolipita lile kochi. Wengine walimpa vifurushi vyao bila kukata simu waliyokuwa wakiongea.

Sisi tuligundua kuwa ni Mswahili mwenzetu kwa njia ya aibu. Mama ni mtu wa Mombasa na sauti yake haijui kunong'ona. Mwezi mzima alikuwa akisubiri lifti huku akimteta wifi yake kwenye simu kana kwamba yuko jikoni kwake. Siku moja akanigeukia: “We Ikhlas, toa kidole puani, askari yule atakucheka.”

Askari akacheka.

Mama akaganda. “Kumbe wasikia?”

“Nasikia, dada. Shikamoo.” Fortunata alikuwa bado anatazama mbele, uso umenyooka. “Na huyo wifi, pole yake.”

Tangu siku hiyo mama alimpenda. Kila alipopika alipika na cha Fortunata, na mimi nikawa ndiye wa kushuka nacho.

Neno lenyewe lilikuwa halimtoki mdomoni. Kabla ya kuja kwetu alikuwa “post ya samaki”, lango la soko ambako nguo zake zilinuka mpaka wenzake wakamhamishia kitanda karibu na mlango. Kabla ya hapo “post ya jua”, kwenye maegesho ya magari yasiyo na kivuli, na “post ya barafu”, mlango wa ghala la vyakula vilivyogandishwa. Yetu aliiita “post ya kioo”. Askari aliyeugua alikuwa “ameanguka post”. Aliyefukuzwa “amenyang'anywa post”. Na kampuni yao ilikuwa na sheria moja ambayo aliijua kama Baba Yetu: huondoki post mpaka aje wa kukupokea. Hata jengo likiungua, wewe umo, unamsubiri wa kukupokea.

Nikamwambia hiyo ni sheria ya kijinga.

“Ya kijinga sana,” akasema. “Lakini ndiyo inayonipa kiti.”

Kitu kimoja hakikuwa kazi yake na alikifanya kila siku: aliifuta ile mimea ya lifti kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani. Nilimuuliza kwa nini, wakati kuna kijana wa usafi.

“Huyu namjua,” akasema.

“Nani?”

“Huyu. Kwetu anaitwa isale.”

Kwao ni Rombo, Kilimanjaro, upande unaotazama Kenya. Aliniambia kuwa huko masale ndiyo mpaka. Hakuna seng'enge wala ukuta; kati ya kihamba cha fulani na kihamba cha jirani, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, mnapanda masale, na hakuna anayeyang'oa. Kwenye kaburi la mkubwa mnapanda masale. Na mkikosana mpaka mkafikia kutosalimiana, aliyekosa hukata jani la isale, akalikunja, akalifunga fundo, akamtuma mzee alipeleke. Aliyekosewa akilipokea, yamekwisha.

“Na asipolipokea?”

“Isale halikataliwi, mwanangu. Hata aliyeuliwa mtoto hulipokea.”

Nikatazama ile mimea ambayo nilikuwa nikiipita tangu chekechea. Nilidhani ni ya plastiki.

Baadaye kidogo ndipo mama alipomuuliza, kwa kawaida tu, mama yake hajambo? Fortunata akasema hajambo, ila haongei naye. Ikabidi aeleze. Kaka zake walikuwa wameshahamia mijini, amebaki yeye na mama yake, ng'ombe na migomba. Alipopata nafasi ya kuja huku aliogopa kumwambia, maana alijua atakatazwa. Asubuhi moja akabeba kikapu akasema anakwenda sokoni Moshi. Alipiga simu akiwa uwanja wa ndege. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha simu kwa mtoto wa jirani.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa Fortunata alipiga. Kila Ijumaa mama yake, akiwa amekaa palepale karibu na simu, alisema kwa sauti ili asikike: “Mwambieni huyo anayepiga kwamba mwanangu Fortunata ameenda sokoni Moshi, hajarudi.”

“Ati nini?” mama akasema, mkono mdomoni.

“Ndiyo hivyo, dada. Mwaka wa pili sasa niko sokoni.”

Alicheka, nasi tukacheka, kisha lifti ikafunguka na mpangaji mmoja akatoka akapita katikati yetu bila kutuona.

Jengo la jirani lililindwa na Pius, Mchaga wa Kibosho ambaye wenzake wote walimwita Mangi. Wakati wa mapumziko alikuja kusimama kwenye mlango wetu wa kioo, nusu ndani apate ubaridi, nusu nje asije akaambiwa ameacha post. Siku aliyotangaza kuwa likizo yake imekubaliwa, anakwenda nyumbani, mimi nilikuwa pale nasubiri sahani. Fortunata hakumpongeza. Aligeuka akaitazama ile mimea.

“Pius,” akasema. “Utanipelekea isale kwa mama.”

Pius akafuata macho yake. “Lile?”

“Lile.”

“Dada Fortu, lile si isale. Lile ni pambo. Halijanyeshewa mvua hata siku moja.”

“Na mimi je? Nakaa kwenye AC mwaka wa pili. Mimi si Mchaga?”

“Wewe umezaliwa Rombo. Lile limekuja na kontena.”

“Na mimi nimekuja na ndege. Likiwa si la kweli mama atajua. Likiwa la kweli hatalikataa. Wewe kazi yako ni kulifikisha tu.”

“Tena isale hupelekwa na mzee! Mimi nimekuwa mzee lini?”

“Vua kofia, tuone hicho kipara.”

Pius alishikilia kofia yake kwa mikono miwili. Aliendelea kubisha siku kadhaa. Kwanza kwamba forodha watamkamata, kisha kwamba Rombo ni mbali na Kibosho, kisha kwamba watu wa Rombo wana hasira. Mwishowe akasema, “Lete basi,” na Fortunata akakata jani moja, la chini kabisa, ambalo alidhani halitaonekana. Alilikunja, akalifunga fundo taratibu mno. Pius akalilaza kati ya mashati yake, akaondoka.

Lakini kamera ilikuwa imeona.

Nilishuka basi la shule mchana, nikakuta lobini yuko supavaiza wao, Mhindi wa Kerala, mpole, mwenye simu mbili zisizonyamaza. Mwenye jengo alikuwa amempelekea picha za kamera: askari, mkasi, mmea. Alikuwa akimuuliza Fortunata kwa nini, na Fortunata, ambaye Kiingereza chake cha kazini kilikuwa safi kabisa, alikuwa amekosa hata neno moja.

Kisha akafanya jambo ambalo nadhani mtu wa kwao peke yake angelifanya. Alienda kwenye chungu, akakata jani lingine mbele ya supavaiza na mbele ya kamera. Akalikunja, akalifunga fundo. Akavua kofia, akainama kidogo, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Supavaiza akatazama jani. Akatazama chungu. “Amekata lingine?” akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyekuwa hapo.

“Mwambie, mwanangu,” Fortunata akasema kwa Kiswahili, hajainua kichwa. “Mwambie hili ni isale. Mwambie akilipokea, yamekwisha.”

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hilo jani ni samahani.

“Samahani ya nini?”

“Ya lile jani la kwanza.”

Alinitazama akitafuta kama namfanyia mzaha. Simu moja ikalia, akaikata. Ya pili ikalia. “Mwambie,” akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya uchovu, “samahani aiseme kwa mdomo. Nani anaomba msamaha wa kuharibu kwa kuharibu tena? Mimi nitamwambia nini mwenye jengo?”

Sikuyatafsiri yote. Fortunata alibaki amenyoosha mikono. Nilitaka sana yule mtu alishike lile jani, alishike tu hata kama haelewi, lakini mikono yake ilikuwa na simu mbili. Baada ya muda mrefu Fortunata aliliweka juu ya meza, kwa sababu isale likishatolewa halirudi kwa mwenyewe.

Basi la kampuni likaja na askari mwingine, mwanamume. Fortunata hakutoka mpaka alipomkabidhi funguo, redio na kitabu cha wageni, kimoja kimoja, kama sheria isemavyo. Dereva alikuwa akipiga honi na kuita “Yalla, yalla.” Mlangoni akanigeukia. “Mwambie mama sahani iko droo ya chini.”

Nilikimbia kumwita mama. Tuliposhuka lobi ilikuwa tupu, isipokuwa yule askari mpya aliyekaa wima kwenye kile kiti.

Kwa wiki nyingi mama alimuuliza, “Fortunata yuko wapi?” Naye alijibu, “Ametransferiwa, madam.” Wapi? Hakujua. Hakuna mpangaji mwingine aliyeuliza. Jani lile lenye fundo lilikauka pale mezani, na askari mpya, ambaye hakuwa mtu mbaya, alilitumia kuwekea kikombe cha chai kisichafue meza. Mimi nilijifunza kusubiri lifti kimya. Mama pia. Simu za wifi alianza kuzipigia juu, ndani ya nyumba.

Mwaka huu, 2019, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa kazi. Kila mwanafunzi achote karatasi yenye neno fupi la kawaida, alitafutie maana zake na asili yake, kisha amtafute mtu anayeishi na neno hilo, si anayelijua tu. Rafiki yangu Hilwa alipata “run”, akalia, maana kamusi ilikuwa na kurasa na kurasa. Mimi nilifungua yangu nikakuta “post”.

Nilidhani nitamaliza jioni moja. Kumbe hilo si neno moja. Kuna post ambayo ni nguzo, inayotoka kwa Kilatini, jina la mwimo wa mlango. Kuna post ya askari, nayo inatoka kwenye neno lenye maana ya kuweka: post ni mahali ulipowekwa. Hukujiweka, umewekwa. Kutoka hapohapo ikaja posta, kwa sababu zamani huko Ulaya wapanda farasi waliwekwa njiani kituo hadi kituo, barua ikapokewa mkono kwa mkono mpaka ifike. Kuna ile ya kupost picha, ambayo ni mjukuu wa nguzo: watu walibandika matangazo kwenye nguzo, leo tunabandika kwenye simu. Na kuna post ya mwisho, isiyo na undugu na nguzo, ambayo Kilatini ni “baada”. Maneno haya yamevaa sare moja tu. Nilikaa nikiyatazama, na kila nilipoyatazama nilimwona Fortunata na tai yake.

Pius bado analinda jengo la jirani, na sasa kipara kimekuwa cha kweli. Nilipomtajia jina alicheka, akatoa simu. “Yuko hapahapa Dubai, siku zote. Ulidhani amekufa?”

Hiyo “siku zote” iliniuma, sijui kwa nini.

Ijumaa mama na mimi tulimsubiri Oud Metha, nje ya kanisa wanakosali Wakatoliki wa nchi zote, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yao pia. Mama alibeba chupa ya chai na bakuli la kaimati. Watu walitoka kwa mamia, Wafilipino, Wagoa, Wakenya, mpaka nikaogopa kwamba sitamjua. Yeye ndiye aliyetujua. Alikuwa amekonda na nywele za kipajini zimeanza mvi. Alisimama mbele ya mama akasema, “Dada, wifi hajambo?”

Mama akamkumbatia hapo hapo barabarani, akalia.

Tulikaa kwenye ukingo wa kituo cha basi. Nikamsomea maana zangu. Kwenye nguzo alitikisa kichwa: “Nguzo ya mlango mnaisimamisha ikiwa mti mkavu. Sisi mpaka wetu unaota.” Kwenye posta na wapanda farasi alipiga makofi. “Basi Pius alikuwa farasi wangu! Usimwambie, atataka nyasi.” Kwenye “baada” akauliza, “Baada ya nini?”

“Ya chochote. Unaibandika tu mbele ya neno.”

Alichukua kaimati moja akaishika tu bila kuila.

Nikamuuliza habari ya jani, kwa kuwa miaka yote hiyo nilikuwa sijui kama lilifika.

Lilifika. Pius alimkuta mama yake Fortunata anawakatia ng'ombe majani. Akamwamkia, akavua kofia, akatoa jani kwa mikono miwili, limekauka kingo na limenyauka kwa kulala kati ya mashati. Bibi yule akaligeuza, akalinusa.

“Limekatwa kwa nani hili?”

“Dubai, mama.”

“Dubai kuna masale?”

“Yapo. Wanayaweka ndani ya nyumba, kwenye vyungu.”

“Ndani! Sasa mpaka na jirani wanaujuaje?”

Bibi akakaa chini, akaendelea kulishika, na Pius akaanza kuogopa kwamba ameleta pambo kweli. Mwishowe yule bibi akainuka, akalichomeka juu ya mlango wa jiko. Akasema siku ya Ijumaa simu iwekwe karibu naye, atapokea mwenyewe.

“Aliipokea?” nikauliza.

“Alikaa nayo tangu asubuhi mpaka giza,” Fortunata akasema. “Mimi sikupiga.”

Kwa maana wakati huo alikuwa ameshapelekwa post nyingine, nje kabisa ya mji, uwanja wa mabomba. Mabomba makubwa ya saruji yamepangwa mchangani, ukuta wa mabati, kibanda kimoja, yeye, na simu isiyoshika mtandao. Hakuna aliyeingia wala kutoka. Gari la kampuni lilileta chakula na maji, likaondoka. Alisema kule alianza kusalimia mabomba. Alisema siku moja alijaribu kukumbuka mtu wa mwisho aliyemwita kwa jina lake, akakumbuka ni mimi.

Aliporudishwa mjini, kitu cha kwanza alikwenda kwenye ukuta wa bweni penye mtandao akapiga. Simu ikapokewa. Akasikia ng'ombe, akasikia mtu anahema. Kisha sauti ya mama yake, kali, ileile ya kumwitia moto unaozimika:

“Ulikuwa wapi Ijumaa?”

“Nikalia, dada,” akamwambia mama yangu. “Sikuweza hata kumwamkia. Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya, hakuniuliza nimepata nini. Ulikuwa wapi Ijumaa, basi.”

Miaka iliyofuata waliongea kila wiki. Alikwenda likizo mara moja, akalikuta jani juu ya mlango wa jiko, jeusi kwa moshi, fundo halijafunguka. Akarudi tena huku, kwenye post nyingine na nyingine.

Chai ilikuwa imepoa. Mama akammiminia nyingine, naye akaizungusha kikombeni.

“Tangu mwaka jana amechanganyikiwa,” akasema. “Uzee. Wiki iliyopita kaka yangu, aliyerudi kumtunza, alimpa simu. Nikasema mama, ni mimi. Akasema, Fortunata? Fortunata ameenda sokoni Moshi, hajarudi. Wewe ukimwona huko mwambie ng'ombe hajala.”

Mama akaiweka chupa ya chai chini.

“Safari hii hana hasira. Ananisubiri tu. Mke wa kaka anasema kila siku anatoa kigoda, anakaa pale kwenye masale, na kila apitaye anamsimamisha: Fortunata mmemwona? Fortunata yuko wapi? Wakimwambia yuko Uarabuni, anasema hapana, ni sokoni tu, atarudi.” Akaiweka kaimati chini, bado nzima. “Nimeomba wanicancelie viza. Naondoka mwisho wa mwezi. Huenda asinijue. Lakini atamaliza kuuliza.”

Basi la Muhaisnah lilikuwa limefika, wenzake wakimwita kwa madirisha. Akasimama, akajipangusa sukari vidoleni, akaninyooshea mkono. Sikuuachia. Karatasi yangu ilikuwa imejaa Kilatini, na bado nilikuwa na lile swali moja la Ramadhani ile. Nikaliuliza vilevile, kwa maneno yaleyale.

“Anti, post ni nini?”

Safari hii hakutazama kamera wala mlango. Alinitazama mimi.

“Post ni pale ambapo usipoonekana, kuna mtu anauliza uko wapi,” akasema. “Kwingine kote, mwanangu, ni kusimama tu.”